Nyara za Vita: Bendera za Adui na Mitego Iliyofichwa

Kwa majuma kadhaa safu hii imeshughulika na miwa, mbolea na hati za mashamba, nami nadhani mtaniwia radhi nikiyaacha hayo leo ili niseme juu ya vitu vilivyomo masandukuni mwa wazee wetu. Vijana wengi wa Migori na Homa Bay waliingia katika jeshi la Keya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Waliorudi walirudi na makoti mazito, na medali, na wengine wao wakaja na vitu ambavyo havikuandikwa katika karatasi yo yote ya jeshi. Sasa wazee hao wamefariki karibu wote, wajukuu wanafungua masanduku, na maswali yanaanza: Kitu hiki ni nini? Ni cha nani? Kina thamani gani? Na swali ambalo lingepasa kuulizwa kwanza, lakini aghalabu huulizwa mwisho: Je, kitaniua?

Wako wanaodhani ya kuwa nyara za vita ni habari za Ulaya na Japani tu. Sivyo. Vita vya 1914 vilifika hapa petu mapema sana. Mwezi wa Septemba mwaka huo kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka mpaka kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, kikaushika mji wa Kisii. Tarehe 12 Septemba kikapigana na askari wa Keya. Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza akauawa, na majeshi yote mawili yakarudi nyuma. Mji ukabaki bila mwenyewe. Wenyeji wakaingia wakachukua vilivyokuwamo madukani na maofisini, na serikali iliporudi iliwaadhibu kwa kuwanyang'anya ng'ombe.

Mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Kiingereza yalipakiwa katika meli pale Kisumu, yakavuka ziwa hata Bukoba. Mji ulipotekwa tarehe 23, askari waliruhusiwa kupora, nao wakapora kwelikweli. Hakuna aliyechukuliwa ng'ombe kwa ajili ya jambo hilo. Basi msomaji na ajionee mwenyewe jinsi neno "mwizi" na neno "mshindi" yalivyogawanywa katika ziwa lile lile, katika muda wa miezi tisa.

Katika nyara za Bukoba iliyosifiwa zaidi ilikuwa bendera. Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyekuwa katika jeshi la Kiingereza, alipanda juu ya jumba kubwa la mji akaiteremsha bendera ya Mjerumani iliyokuwa ikipepea pale. Hakuishi muda mrefu wa kuifurahia. Tarehe 3 Septemba mwaka huohuo, karibu na Maktau, alijeruhiwa, akakataa kuchukuliwa na kuwaacha majeruhi wengine mikononi mwa adui, akauawa pamoja nao. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa, na kaburi lake liko Voi. Atakaye kuona nyara nyingine za vita vile na aende Fort Jesus, Mombasa, autazame mzinga uliotoka katika manowari Königsberg. Wajerumani waliizamisha wenyewe katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915, kisha wakaitoa mizinga yake na kuikokota nchi kavu waitumie huko. Mzinga huo mtoto wa shule aweza kuupanda asidhurike. Ndiyo aina ya nyara niipendayo mimi.

Yafaa tutofautishe. Bendera ya Bukoba ilikuwa mali ya dola. Kwa desturi za vita zilizoandikwa pale Hague mwaka 1907, silaha na vyombo vya jeshi la adui huwa mali ya serikali iliyoshinda, lakini vitu vya mtu mwenyewe hubaki vyake hata akitekwa. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1929 yaliongeza ya kuwa vitu vya binafsi vinavyokutwa juu ya maiti vikusanywe na kupelekwa kwao. Kwa karatasi, sheria ilikuwa wazi kabisa. Kwa matope ya Burma ilikuwa habari nyingine.

Burma, ambayo wazee wetu waliiita Bama na leo huitwa Myanmar, ndiko walikoona bendera za Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilipelekwa kwanza Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Katikati ya mwaka 1944 ikaingia Burma chini ya Jenerali Fowkes kuwafukuza Wajapani walioshindwa huko Imphal na Kohima. Njia yao ilikuwa bonde la Kabaw wakati wa masika: matope hadi magotini, malaria, na homa ya utitiri wa vichakani. Mwanzoni mwa Septemba wakafika Sittaung penye mto Chindwin. Tarehe 2 Desemba wakaingia Kalewa. Hapo mainjinia wakajenga daraja la vyuma lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko madaraja yote ya namna ile duniani wakati huo.

Katika safari hiyo walikuta maiti nyingi za Wajapani, wengi wao wameuawa na njaa na maradhi tu. Na ndani ya kofia ya chuma, au chini ya shati, mara nyingi palikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, cha hariri au cha pamba, chenye duara jekundu katikati. Pembeni mwa duara hilo yalikuwa maandishi ya wino mweusi yaliyotawanyika kama miali ya jua.

Maandishi hayo ndiyo mambo. Kijana alipoitwa jeshini, jamaa zake, jirani zake, walimu wake na watu aliofanya nao kazi waliandika majina yao juu ya bendera hiyo. Juu kwa kawaida huwa na maneno manne ya kumwombea bahati ya kudumu vitani, na pengine mhuri mwekundu wa hekalu la kijijini. Jina lake yeye mwenyewe humo hutiwa pia. Kwa hiyo bendera ya namna hii si bendera ya jeshi hata kidogo. Ni barua ya kijiji kizima kwa kijana mmoja. Wengine walivaa pia mkanda wa mishono elfu moja, ambao mama au dada yake alisimama njiani akiwaomba wanawake wapitao kila mmoja atie mshono wake.

Askari wetu hawakuweza kuyasoma maandishi hayo, wala maofisa wao. Waliona picha nzuri tu, kitu chepesi cha kukunja na kutia mkobani, na ushahidi wa kuonyesha nyumbani kwamba fulani alimkuta Mjapani uso kwa uso. Wala tusiwalaumu sana. Wakubwa wao walifanya vivyo hivyo: Jenerali Slim, aliyekuwa mkuu wa Jeshi la 14, aliamuru mwaka 1945 maofisa wa Kijapani watoe panga zao mbele ya askari wao, na upanga wa Jenerali Kimura akauweka nyumbani kwake juu ya meko ya kuotea moto. Palipo na mkubwa mkusanyaji, mdogo hukosaje kukusanya?

Lakini adui naye alikuwa na macho. Kila jeshi duniani lililorudi nyuma lilijifunza jambo moja juu ya jeshi linalolifuata: askari aliyeshinda hupenda kuokota. Hapo ndipo mtego wa baruti ulipozaliwa. Bomu la kutegwa ardhini humngoja ye yote apitaye, bali mtego humngoja mwenye tamaa au mwenye udadisi. Huwekwa chini ya upanga, nyuma ya picha iliyopinda ukutani, katika kitasa cha mlango, chini ya maiti, na, ndiyo, katika bendera iliyoachwa inapepea mahali rahisi kufikiwa. Namna zake ni nyingi lakini fikira ni zile zile: kuna wa kuvutwa, wa kukanyagwa, na ule mwovu kuliko yote, usiofanya kitu ukiukanyaga ila hulipuka unapouondolea uzito. Tena kuna wa saa: Wajerumani walipoondoka Naples mwaka 1943 waliacha baruti katika jumba la posta, nayo ikalipuka tarehe 7 Oktoba, siku nyingi baada ya wao kwenda zao, ikaua raia na askari pamoja.

Hofu ya mitego ilikuwa kubwa hata watu wakaiona pasipokuwapo. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, nyuki waliotibuliwa na risasi waliwashambulia askari, na uvumi ukaenea Uingereza ya kuwa Wajerumani walikuwa wamefunga kamba kwenye mizinga ya nyuki kwa makusudi. Nyuki wa Tanga hawakuhitaji Mjerumani wa kuwafundisha hasira.

Wajapani waliendelea mbali zaidi. Huko Meiktila mwaka 1945 askari wao waliwekwa mmoja mmoja ndani ya mashimo njiani, kila mmoja akiwa na bomu la ndege kati ya magoti na jiwe mkononi, angoje kifaru kipite juu yake. Mtu mwenyewe ndiye alikuwa kiwashio cha mtego. Nikisoma habari hiyo, kisha nikakumbuka majina yale ya jirani na walimu juu ya kitambaa, nashindwa kuamua niwaogope watu wale au niwahurumie.

Sasa nije hapa kwetu. Mwaka huu, asubuhi moja ya siku ya soko, kijana mmoja alikuja ofisini petu juu ya pikipiki, na gunia la mahindi amelipakata mapajani. "Bwana Karani," akasema, "nimekuletea vitu vya kwaro, babu yetu aliyekuwa Keya. Kuna mtu wa mjini anavitaka. Niambie visije vikaenda kwa bei ya bure." Akaanza kuvipanga juu ya meza yangu: medali mbili, chupa ya maji ya askari wa Kiitaliani, kitambaa cheupe chenye duara jekundu na maandishi, na mwishoni kitu cha chuma chenye kutu, si kikubwa kuliko pera, chenye mistari iliyochongwa kama vipande vya chokoleti, na kichwa kidogo cha shaba.

Nilikuwa nimekiona kitu kile katika vitabu. Ni bomu la mkono la Kijapani, la namna iliyoitwa 97. Mwenyewe alivuta pini, akakigonga kichwa chake juu ya kitu kigumu, akatupa. Sekunde nne au tano, basi. Kichwa kile kilingoja kugongwa tu. Na pini haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kipande cha waya wa uzio.

"Omera," nikamwuliza, na sauti yangu sikuipenda, "umepita nacho juu ya matuta yote ya barabara?"

"Nimepita nacho. Watoto nyumbani hupasulia karanga."

Ndugu msomaji, ofisi ilikuwa tupu kabla sijamaliza kuwaeleza watu. Hatukukigusa tena. Polisi waliitwa, watu wakazuiliwa mbali mpaka chini ya miembe ya upande wa pili, na wataalamu wa kutegua mabomu walipofika kesho yake wakakichukua kwa namna yao hadi kwenye shimo la mawe lisilotumika, wakakilipua. Ulisikika mlio mmoja mkavu, mkubwa kuliko ule waliouweka wao. Baada ya miaka karibu themanini, baruti ya Mjapani ilikuwa bado inaikumbuka kazi yake.

Na watu hushangaa kwa nini. Hudhani ya kuwa baruti huzeeka kama mtu, ikapoteza nguvu. Nyingine huzeeka kwa njia ya kinyume. Wajapani walijaza makombora yao mengi dawa iitwayo asidi ya pikriki, ambayo ikikaa muda mrefu pamoja na chuma hufanya chumvi zenye kulipuka kwa kuguswa tu. Chemchemi ya kuzuia kiwashio huliwa na kutu, na kilichokuwa kinahitaji kugongwa kwa nguvu kinaweza kuhitaji kuanguka mezani tu. Wala tusidhani hatari hii ni ya vita vya zamani peke yake. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya mia mbili waliodai kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi ya jeshi karibu na Dol Dol na Archers Post. Katika habari za madai yale utakutana mara kwa mara na mtoto mchungaji aliyeokota kitu king'aacho.

Kwa hiyo neno langu kwa mwenye sanduku ni fupi. Ukiona kitu ambacho huna hakika nacho, usikisafishe, usikifungue, usikitie gunia ukakileta kwa chifu au kwangu. Mimi ni karani. Meza yangu ni ya mbao. Kiache pale pale, waondoe watoto, uende ukawaite polisi. Kuhifadhi bomu au bunduki bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mambo ya baruti yana sheria yake, Sura ya 115. Lakini mwenye kutoa habari mapema hana sababu ya kuogopa kama alivyo nayo mwenye kuficha. Na yule mnunuzi wa chuma chakavu akikuambia kwamba kitu hicho kimekwisha kufa, mwambie akipige nyundo yeye, wewe ukiwa Rongo.

Juu ya bendera kuna hatari ya namna nyingine, nayo ni udanganyifu. Kwa kuwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzinunua, wako wanaozitengeneza mpya na kuzichovya katika chai zionekane kuukuu. Wajuzi huziangalia gizani kwa taa ya rangi ya zambarau: kitambaa cha kisasa, au uzi wake, hung'aa samawati kwa sababu ya dawa za kung'arisha zilizoenea baada ya vita. Hata hiyo si hukumu kamili, maana bendera ya kweli iliyofuliwa na mkaza-mwana kwa sabuni ya leo itang'aa vilevile. Msiifue.

Lakini bendera ya kijana huyu haikuhitaji taa. Ilikuwa na alama ya maji na kutu kandokando, na ilikunjwa pale pale ilipokunjwa siku zote. Nilipoitandika nikahesabu mistari ya maandishi zaidi ya arobaini. Kijana akasema ya kwamba babu yake hakuionyesha kwa watu. Aliitoa mara moja kwa mwaka, akaianika kivulini, akairudisha. Alisimulia jambo moja tu juu yake: ya kuwa mwenzake alinyoosha mkono kuchukua upanga karibu na maiti nyingine siku ile ile, na yeye alirudi peke yake.

Mnunuzi wa mjini bado anaitaka. Ndugu wawili wamegawanyika: mmoja ana mtoto wa kidato cha tatu na karo haijalipwa, na mwingine asema kitu cha babu hakiuzwi. Sitamdharau mwenye kutafuta karo. Karo ni jambo la kweli kuliko kumbukumbu nyingi. Lakini walinitaka fikira zangu, nami nikawapa.

Sisi Waluo tunajua mtu akifa mbali, maiti asipatikane, jamaa hawakai hivi hivi. Huchukuliwa tunda la mwegea, tuliitalo yago, likazikwa nyumbani badala yake, ili pawe na mahali. Ni wangapi wa huku walikuwa wa kuzikiwa yago! Meli Khedive Ismail peke yake, iliyozamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa, ilizama na watu karibu 1,300, na kati yao askari wengi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Wengine wetu wamelala Taukkyan karibu na Rangoon, ambako hakuna jamaa anayeweza kwenda kupalilia. Wajapani nao walikuwa hivyo hivyo. Familia nyingi zililetewa sanduku jeupe lenye jiwe au karatasi ndani yake, kwa sababu mifupa ilibaki Burma. Kwa jamaa wa namna hiyo, kitambaa chenye mwandiko wa baba yao ndiyo yago yao.

Tena njia ya kukirudisha ipo. Tangu mwaka 2009 kuna chama kiitwacho OBON Society, kilichoanzishwa huko Oregon, Marekani, na Bwana Rex Ziak na mkewe Keiko, ambacho husoma majina yaliyo juu ya bendera hizi, hutafuta kijiji, na kuzifikisha kwa jamaa. Mamia ya bendera zimerudi kwa njia hiyo. Hakilipi bei, asiyetaka hilo na ajue mapema. Nilimshauri kijana apige picha pande zote mbili kwa mwanga wa mchana, asiandike chochote juu ya kitambaa, aandike mahali pengine jina la babu yake, kikosi chake na mahali alipoitwaa, maana hadithi hiyo ikipotea haipatikani tena hata kwa fedha.

Picha amekwisha piga. Juu ya kuipeleka bendera yenyewe, baba yao mdogo amesema neno lisikatwe mpaka jamaa wakutane mwezi wa Desemba, na mpaka siku hiyo imewekwa katika bahasha ya karatasi ndani ya sanduku lile lile la bati. Karo ya mtoto wanaichangia.

Msomaji wa Awendo aliyeuliza juu ya mirathi ya shamba lisilo na hati nitamjibu juma lijalo.